Je, unga wa protini ni lazima kwa anayejenga misuli, au chakula cha kwetu kinatosha?

Seremala wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 24, nafanya kazi ya useremala hapa Lamu, na tangu mwaka jana nimekuwa nikinyanyua vyuma jioni, baada ya kazi, katika ukumbi mdogo wa mazoezi mtaani kwetu. Uzito wangu ni kilo 62 na urefu wangu ni sentimita 174. Nguvu zimeongezeka bila shaka, lakini mwili haujajaa kama nilivyotarajia, na kila ninapowauliza wenzangu sababu huambiwa kwamba mazoezi bila unga wa protini ni kazi bure. Muuzaji mmoja aliyeko Mombasa yuko tayari kunitumia kopo la kilo 2 kwa shilingi 9,000, gharama ya kulisafirisha ikiwa juu yangu. Kwa fundi anayelipwa kazi inapopatikana, hizo si pesa za kutoa bila kuuliza.

Chakula changu cha siku ya kawaida ni mahamri matatu asubuhi pamoja na bakuli la mbaazi za nazi na chai ya maziwa. Mchana nyumbani hupikwa wali na mchuzi wa samaki, na kipande ninachopata hulingana na kiganja cha mkono wangu. Usiku ni chapati mbili kwa maharagwe, na nyama huja mara mojamoja. Mayai si mazoea ya nyumba yetu, ingawa siyachukii.

Ninachoomba kuelezwa ni iwapo unga huo unahitajika kweli kwa mtu anayekula hivi, na kama hauhitajiki, ni wapi ninapopungukiwa. Ningependa pia kusikia wenzangu hufanyaje mwezi wa Ramadhani, kwa sababu mwaka huu nilipungua sana katika mfungo na ilinichukua muda mrefu kurudi nilipokuwa.

Mizani (Malindi)

Waalaykum salaam, ndugu Seremala. Nafanya kazi ya ushauri wa lishe hapa Malindi, na nimefurahi kwamba umekitaja chakula chako chote, kwa sababu bila kujua kilichomo katika sahani hakuna awezaye kulijibu swali hili kwa haki.

Unga si lazima. Kilicho lazima ni kiasi cha protini cha siku nzima, iwe imetoka kwenye changu, kwenye mbaazi, kwenye yai au kwenye kopo, kwa maana yote humeng'enywa na kuvunjwa kuwa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, kabla ya kufika kwenye msuli. Unga unaouzwa sana, ule wa wei, hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengenezwa jibini. Maji hayo huchujwa, hukaushwa, kisha hutiwa ladha ya vanila au chokoleti. Ni chakula, tena chakula kizuri, lakini si dawa, wala hakina kitu ambacho samaki hana.

Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hicho ni kiwango cha kuzuia upungufu, hakikuwekwa kwa kumkusudia mtu anayejenga misuli. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Robert Morton wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walikusanya majaribio 49 yaliyohusisha watu 1,863 waliokuwa wakinyanyua vyuma, wakaona kwamba protini ya nyongeza husaidia, lakini kwa wastani faida yake hukoma mtu anapofikia takriban gramu 1.6 kwa kilo. Na faida yenyewe ilikuwa ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani waliopewa nyongeza waliwapita wenzao kwa takriban gramu 300 tu za mwili usio mafuta. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vyuma. Natamani kila kijana anayekopa pesa ili anunue kopo aisome sentensi hiyo mara mbili.

Kwa kilo zako 62, kiasi hicho ni gramu 99 kwa siku, tuseme 100. Sasa tuihesabu siku yako. Mahamri matatu yana gramu 10 hivi, bakuli la mbaazi lina nyingine 10, na maziwa ya chai yana 2 au 3. Asubuhi umepata kama 22. Mchana, wali wa sahani iliyojaa una gramu 8, na kipande cha samaki aliyepikwa chenye uzito wa gramu 100 kina kati ya 23 na 25, kwa hiyo tuandike 32. Usiku, chapati mbili na bakuli la maharagwe ni kama 23. Jumla inakaribia 77. Haya ni makadirio ya vipimo vya kawaida, na bakuli la kwenu likiwa dogo hesabu itashuka.

Basi unapungukiwa gramu 23 hivi, na kijiko kimoja cha unga wa wei, chenye uzito wa gramu 30, huwa na protini karibu gramu 24. Ndiyo maana wenzako hawakudanganyi moja kwa moja. Anayekula kama wewe, akiongeza kijiko kimoja kila siku, anaweza kuona tofauti, kisha akaamini kwamba unga una siri, ilhali kilichotokea ni pengo kuzibwa.

Pengo hilo lina njia nyingine za kuzibwa. Mayai mawili yana gramu 12, na nusu lita ya maziwa ina 16, jumla 28. Hapa Malindi yai nalinunua shilingi 20 na pakiti ya nusu lita ya maziwa shilingi 60, kwa hiyo ni shilingi 100 kwa siku. Kopo la kilo 2 lina vijiko 66, na kwa shilingi 9,000 kila kijiko kinakugharimu zaidi ya shilingi 136 kabla ya nauli. Tena mayai na maziwa hayo yana kalori zipatazo 450, na kijiko cha unga uliokorogwa kwa maji kina 120 tu. Kwako wewe hili ni jambo kubwa. Mtu mwembamba anayepiga randa kutwa nzima kisha akanyanyua vyuma jioni hukosa chakula kwa jumla kabla hajakosa protini, na mwili usiopata nishati ya kutosha hugeuza sehemu ya protini unayoupa kuwa kuni.

Jipime kila wiki asubuhi kabla ya kula. Uzito ukipanda kati ya gramu 150 na 300 kwa wiki, unakwenda vizuri; usipopanda wiki tatu mfululizo, ongeza chakula, hata kama hesabu ya protini imetimia.

Vyuma Jioni (Malindi)

Nakubaliana na hesabu ya ndugu Mizani, ila sipendi unga uonekane ni anasa ya wapumbavu. Ninafundisha watu mazoezi hapa Malindi, na wengi wao hufanya kazi katika hoteli za ufukweni, ambako mtu hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko, hula kile kinachopatikana jikoni kwa wafanyakazi, kwa kawaida sima na mboga, na kurudi usiku amechoka. Mtu wa namna hiyo nikimwambia achemshe mayai na atafute samaki mbichi, nimempa ushauri mzuri asioweza kuufuata. Chupa yenye unga mkavu, anayoiongezea maji mahali popote, inampatia gramu 24 kwa dakika moja. Vivyo hivyo kwa asiyekula nyama wala samaki, na kwa mzee ambaye hamu ya chakula imempungua, kwa sababu miili ya wazee huitikia protini kwa ugumu zaidi, na wataalamu wengi huwashauri wale gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, sio 0.8.

Kuhusu bei, tuwe waadilifu. Samaki mzima wa shilingi 500 kwa kilo, ukiondoa kichwa, miba na matumbo, hukuachia kama nusu kilo ya mnofu, na hiyo ina protini gramu 100 hivi. Hizo ni shilingi 5 kwa gramu, na unga wa Seremala ni chini kidogo ya shilingi 6. Tofauti si kubwa. Yai ndilo linaloushinda unga, na maharagwe makavu huvishinda vyote: kilo ya shilingi 180 ina zaidi ya gramu 200 za protini.

Jambo ambalo ningemwomba Seremala alitazame ni mgawanyo. Katika kila mlo, kiasi cha gramu 0.4 kwa kilo ya uzito kinatosha kuuamsha msuli ujijenge vizuri, na kwake ni gramu 25. Mchana anazidi, asubuhi na usiku anapungua kidogo. Mayai mawili yakiwekwa pamoja na mbaazi za asubuhi, na maziwa yakinywewa kabla ya kulala, milo yote itakaa sawa bila kuigusa ile ya mchana. Lakini asihangaike na ule msemo kwamba protini isipoingia ndani ya nusu saa baada ya mazoezi imepotea. Watafiti Schoenfeld, Aragon na Krieger waliukagua mwaka 2013 kwa kukusanya tafiti zilizokuwapo, wakakuta kwamba kilicholeta tofauti ni jumla ya protini ya siku, wala si saa ya kuinywa. Nimewaona vijana wakinywa unga wao wakiwa bado wanahema, tena mlangoni mwa ukumbi, kisha wanalala bila chakula cha usiku.

Na nguvu kupanda bila mwili kujaa huenda pia kukatokana na mazoezi yenyewe. Kila msuli upate seti, yaani mafungu ya marudio, zisizopungua 10 kwa wiki, na uzito au idadi ya marudio iongezeke hatua kwa hatua. Akiwa anafanya kifua na mikono tu, kama ilivyo desturi ya wengi, hakuna lishe itakayomjengea mapaja na mgongo.

Bi Mkomani (Lamu)

Mwanangu Seremala, mimi si mtaalamu wa lishe. Ni mama wa nyumba, mume wangu ni mvuvi, na nimepika samaki maisha yangu yote, kwa hiyo nitasema la jikoni ambalo walionitangulia hawakuligusa.

Ndugu hawa wanahesabu kana kwamba kila mtu ana sufuria yake. Nyumbani kwenu samaki ni wa watu wote. Ukisema kuanzia leo unataka vipande viwili, basi kuna mtoto atakayekula wali kwa mchuzi mtupu, au mama yako atasema ameshiba hali hajashiba, na mama wa kiamu hatakwambia. Kwa sababu hiyo nakubali sana kauli ya mayai na maziwa: vinunue kwa pesa yako, juu ya chakula cha nyumba, sufuria ibaki kama ilivyo. Ukiweza, nunua trei nzima ya mayai ukae nayo jikoni, na wadogo zako nao wapate.

La pili ni msimu. Huwezi kupanga chakula cha mwaka mzima kwa bei ya samaki ya kaskazi, msimu wa bahari tulivu. Kusi ikishika, bahari inachafuka, mashua ndogo hazivuki mlango wa bahari, na samaki mbichi anakuwa haba na ghali kwa miezi. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana walipasua samaki, wakamtia chumvi na kumwanika wakati wa neema. Ng'onda mwenye unyevu mdogo amebeba protini nyingi katika uzito mchache, kwa kuwa kilichotoka ni maji. Ila asipikwe na chumvi yake. Mimi humwosha, humloweka usiku kucha, humwaga yale maji, humchemsha kidogo na kumwaga tena, ndipo nimtie katika nazi na bamia au maembe mabichi. Dagaa wakavu nao ni hivyo hivyo, na wao ni rahisi zaidi. Huwa nawakaanga kavu kidogo kwanza ili harufu ipungue, kisha nyanya na pilipili, na mkono mmoja wa dagaa unatosha mtu.

Pweza usimsahau. Maji yakikupwa sana wakati wa bamvua, watu huenda miambani kumtafuta, na siku hizo bei yake huwa ya kuridhisha. Lakini ujue kwamba akipikwa hunywea, anaingia sufuriani mkubwa na anatoka karibu nusu yake, kwa hiyo mpime baada ya kuiva.

Papa nawashauri vijana wasimfanye chakula cha kila siku. Mganga wa zahanati alitueleza sisi kina mama wakati wa ujauzito kwamba samaki wakubwa wawindaji, kama papa na nduwaro, hukusanya zebaki nyingi mwilini kuliko samaki wadogo. Changu, tafi, tasi na dagaa hawana shida hiyo kwa kiasi cha kutisha.

Seremala wa Langoni (Lamu)

Nawashukuru nyote kwa majibu yenye faida, na Bi Mkomani nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu suala la sufuria ya nyumbani ndilo lililonikwaza nisiweze kulisema.

Nimebaki na mambo mawili. Muuzaji yule, nilipomwambia kopo ni ghali, alinipa habari ya unga mwingine wa kuongeza uzito, kilo 3 kwa shilingi 5,500, akasema una protini pia na utanifaa zaidi kwa kuwa mimi ni mwembamba. Pia anao uliofunguliwa, anaoupima kwa mfuko wa nailoni. La pili, baba yangu ana kisukari, na hospitali imemwagiza apunguze protini kwa sababu ya figo. Je, nami nikila gramu 100 kwa siku naziweka figo zangu hatarini?

Mfamasia wa Pwani (Malindi)

Ndugu Seremala, huo wa mfuko wa nailoni usiununue kwa bei yoyote, hata ukipewa kwa nusu. Kitu kilichotolewa katika kopo lake hakina tarehe ya mwisho, hakina orodha ya viambato, na kwa unyevu wa hewa yetu ya pwani hushika maji na kuganda mabonge, mahali pazuri pa vimelea kukua. Anayekuuzia hawezi kukuthibitishia kilichomo, na pengine yeye mwenyewe hajui.

Huo wa kuongeza uzito, mwombe akupigie picha ya jedwali lililo nyuma ya kopo na utazame mstari mmoja tu: protini gramu ngapi katika kila gramu 100. Unga wa wei ulio sawa huonyesha 70 hadi 80, na uliochujwa zaidi hukaribia 90. Unga wa kuongeza uzito mara nyingi huonyesha 15 hadi 25, na unaobaki ni wanga, hasa maltodekstrini na sukari. Kilo 3 zenye 20 kwa 100 zina gramu 600 za protini. Kopo lile la kilo 2 lina karibu 1,600. Kwa hiyo huo wa bei nafuu unakuuzia protini kwa zaidi ya shilingi 9 kila gramu, na wanga unaokupa unaweza kuupata katika wali, viazi na ndizi za nyumbani kwa pesa kidogo.

Lipo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kwa kawaida maabara hupima protini kwa kupima nitrojeni, na kiasi hicho huzidishwa kwa hesabu maalumu. Kila kitu chenye nitrojeni kinaweza kupandisha namba hata kama si protini. Dunia ililiona hilo mwaka 2008 nchini China, melamini ilipotiwa katika maziwa yaliyozimuliwa ili yaonekane kuwa na protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliathirika na 6 walikufa. Katika unga wa misuli hila inayojulikana ni ya upole zaidi, nayo ni kuongeza asidi amino za bei ya chini kama glisini, ambayo huhesabiwa kuwa protini ilhali haimjengei mtu msuli kama protini kamili. Ukiona glisini au taurini zimetajwa peke yake katika viambato vya unga unaoitwa wa wei, ulize maswali.

Kwa wanamichezo hatari ni kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliogharamiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ulipima virutubisho vya ziada 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, na 94 kati yake, karibu asilimia 15, vilikutwa na homoni za jamii ya steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Kenya ina shirika lake la kupambana na dawa za kusisimua misuli, ADAK, na sheria yake ya mwaka 2016, na mwanamichezo anayepimwa hawezi kujitetea kwa kusema kopo halikutaja. Hata asiyeshindana hana sababu ya kumeza homoni asiyoijua. Mtu akikwambia unga fulani ulimwongezea kilo 6 za misuli kwa mwezi mmoja, basi ama unazungumziwa maji na mafuta, ama kuna kitu ndani yake ambacho si unga.

Ukiamua kununua, nunua kopo lililofungwa, lenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kutoka duka lenye anwani unayoweza kulirudia. Kirutubisho cha ziada chenye ushahidi mzito kwa mnyanyua vyuma, nje ya protini, ni kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Nayo pia imo katika samaki na nyama, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Mizani (Malindi)

Nimalizie yaliyobaki. Kwanza la figo, kwa kuwa hili linawatisha wengi. Kwa mtu mwenye figo nzima, kula kiasi cha gramu 1.6 kwa kilo hakujaonekana kuziharibu. Agizo alilopewa baba yako ni la mtu ambaye figo zake tayari zimeathirika, ambaye huzihifadhi kwa kuzipunguzia kazi, na linatakiwa kufuatwa kama daktari alivyosema. Kwa hiyo chakula chako cha nyongeza kisiwe chakula chake, na ng'onda wenye chumvi awe mbali na sahani yake hata akiwa amelowekwa. Wewe mwenyewe, kwa kuwa kisukari kimo katika familia, nenda ukapimwe sukari na figo kabla ya kubadili mlo. Kipimo hicho hupatikana katika hospitali ya kaunti.

Kuhusu Ramadhani, sisi wa karibu na mstari wa ikweta tuna nafuu ambayo watu wa kaskazini hawana: usiku wetu haupungui sana popote mwezi huo utakapoangukia. Baina ya magharibi na alfajiri tuna saa kama kumi na nusu za kula, na hizo zinatosha kabisa kwa gramu 100. Tatizo liko kwenye futari yenyewe. Tende, uji, viazi vya nazi, mihogo, tambi, kaimati: ni futari nzuri na ya baraka, lakini karibu yote ni wanga na sukari, na mtu akishashiba hapo hana nafasi tena. Fungua kwa tende na maji, swali, kisha anza na kitu chenye protini kabla ya mihogo: samaki, mbaazi, mishkaki, au supu ya pweza. Baada ya tarawehe kula mlo wako kamili. Daku usiiache hata siku moja, na isiwe chai na mkate tu. Maharagwe au mayai na maziwa lala vitakukalisha mchana. Hapa hata mimi sina pingamizi na kijiko cha unga kwa anayeamka daku bila hamu ya kula, kwa sababu kukinywa ni rahisi kuliko kutafuna saa 10 ya usiku.

Mazoezi katika mfungo yafanye baada ya tarawehe, au dakika chache kabla ya magharibi ikiwa ni mepesi. Punguza idadi ya seti lakini usipunguze uzito wa vyuma, kwa sababu msuli hutunzwa kwa kazi ndogo sana kuliko ile iliyoujenga, mradi kazi hiyo iwe nzito.

Lililobaki ni swali ambalo hukuuliza, la mbaazi na maharagwe, ambavyo baadhi ya watu hukuambia si protini kamili. Kunde za aina zote zina lisini nyingi na methionini kidogo, zote mbili zikiwa asidi amino ambazo mwili unazihitaji, na nafaka ni kinyume chake. Mbaazi kwa mahamri, maharagwe kwa chapati, hukamilishana. Mlo wako wa asubuhi umekosa kiasi tu, haukukosa ubora.

Na ukienda kupimwa figo, mwambie daktari kwamba unanyanyua vyuma, na kama umeanza kreatini umtajie pia. Kipimo kinachotumika sana ni kreatinini ya damu, ambayo hupanda kidogo kwa mwenye misuli mingi na kwa anayetumia kreatini, bila figo kuwa na kasoro, na asiyeelezwa anaweza kukuandikia ugonjwa usiokuwa nao.